Tupeane uzoefu: suti ya bwana harusi uliichaguaje, na ilikubeba siku nzima?

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu anaoa Desemba hii hapa Dar, na tangu wiki iliyopita kazi yake ni kunitumia picha za suti tu, leo mahameli ya damu ya mzee, kesho bluu yenye kizibao, keshokutwa tuksedo ya kola ya satini. Zote kali. Ila nikiziangalia naona kila aliyepigwa picha kasimama tu, hakuna aliyepiga magoti, hakuna anayecheza, hakuna aliyeshinda nayo tangu saa nne asubuhi mpaka saa sita usiku. Ndio maana naomba mliooa mseme yaliyowakuta.

Naanza mimi. Nilioa Januari 2016, hapahapa Dar, na mnajua Januari ya Dar ilivyo na joto. Washkaji wakanishauri slimfiti ya kubana kabisa, vipande vitatu, kitambaa kizito kinachong'aa kwa mbali. Nilijaribu dukani mara moja, nimesimama mbele ya kioo, nikalipa. Sasa kanisani tulipopiga magoti kupokea baraka nikasikia mshono wa nyuma wa suruali unaachia, taratibu, kama mtu anachana gazeti. Mpambe wangu aliona, akasogea akasimama nyuma yangu karibu kabisa, na hakuondoka hapo mpaka tunatoka. Koti sikulivua tena siku hiyo pamoja na jasho lote lile. Ukumbini wakati wa kufungua muziki mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, mbona umekakamaa, unaumwa? Nikamwambia nimechoka. Mpaka leo inaniuma maana wakati ule nilitakiwa niwe namuwaza yeye na mimi nilikuwa nawaza suruali.

Karibuni.

#1
Pole sana mkuu. Mimi ni fundi, nipo Kariakoo, suti za maharusi ndio kazi yangu. Kosa ninaloliona kila siku ni bwana harusi kuja wiki moja kabla, maana hela zote zimeenda ukumbi na chakula, yeye anakumbukwa mwisho. Njoo miezi miwili kabla. Suti ya vipande viwili kwa mtu wa kawaida ni mita tatu hadi tatu na nusu za kitambaa cha upana wa mita moja na nusu, ukitaka na kizibao ongeza kidogo. Kwa Dar chukua sufu nyepesi au mchanganyiko mwepesi, na mwambie fundi koti aliwekee bitana nusu, mgongo upumue. Mabega ndio yaangalie kuliko kitu chochote, kiuno naweza kukupunguzia au kukuongezea, urefu wa suruali pia, lakini bega likikosewa koti hilo ni la kufumua lote. Halafu jaribio la kwanza lifanyike koti halijatiwa bitana, uje na viatu utakavyovaa siku yenyewe na shati lenyewe, ukae, uinue mikono kama unamkumbatia mtu, upige magoti. Na suruali mwambie aache akiba ya mshono nyuma, hata sentimita tatu, maana maharusi wengine wananenepa ghafla na wengine wanakonda kwa mawazo.

#2
Niongee kama bibi harusi. Rangi mkubaliane mapema jamani. Gauni langu lilikuwa jeupe la maziwa, yeye akanunua shati jeupe pee bila kuniuliza. Kwa macho hatukuona tatizo, picha zilipokuja gauni langu limekaa kama limefifia, kama la kuazima. Nililia. Siku hizi mdogo wangu yeyote akiolewa namwambia kata kipande kidogo cha kitambaa cha gauni mpe bwana aende nacho dukani, gauni lenyewe hatalijua, na surprise yako inabaki.

#3
Asalaam aleikum, mimi wa Unguja. Sisi nikaha nilivaa kanzu, joho na kilemba, nikakaa kitako msikitini mkono wangu ndani ya mkono wa baba mkwe, kwa utulivu kabisa. Suti niliivaa usiku kwenda kumchukua biharusi. Kaka yangu yeye alitaka suti kote kote, mkekani suruali ikambana magoti mpaka miguu ikafa ganzi, kunyanyuka ikabidi ashikwe. Kama mdogo wako kuna sehemu atakaa chini, azingatie sana hilo.

#4
Mafinga hapa, nilioa Julai. Baridi ya huku ile suti nzito mnayoikimbia Dar ndio iliyoniokoa, kizibao na kila kitu. Wageni wangu wa kutoka Dar walikuwa wanatetemeka na visuti vyao vyepesi. Kwa hiyo msimshauri mtu bila kumuuliza anaoa wapi na mwezi gani.

#5
Niko Nairobi. Mimi nilivaa Kaunda suti ya mikono mirefu, rangi ya kijani iliyokolea, imeshonwa na fundi wa mtaani kwetu. Watu walinishangaa sana sababu Novemba 2023 Spika Wetang'ula alikuwa ameipiga marufuku Bungeni, eti si vazi rasmi. Lakini marehemu babangu alikuwa anavaa hiyo kila Jumapili, na mimi nilitaka awepo pale kwa njia hiyo. Mamangu aliponiona natoka nyumbani alinishika kola akainyoosha vile alikuwa anamnyooshea mzee, hakusema kitu. Hakuna tuksedo ingenipa hiyo. Halafu haina tai, shingo iko huru.

#6
Mimi nilikodi na sijutii, hela ile tulilipia kodi ya nyumba ya miezi miwili. Ila ikague mchana kwenye mwanga, kwapa na kola hasa, na uichukue siku mbili kabla, usikubali kuambiwa njoo asubuhi ya harusi. Rafiki yangu aliambiwa hivyo, kufika kakuta saizi yake kapewa mwingine.

(Mleta mada)
Asanteni sana wote, na fundi Mungu akubariki. Jana usiku nimemsomea dogo majibu yote, ile ya Kaunda akaniambia kaka rudia tena. Mahameli ameiacha. Tuksedo bado anaing'ang'ania, nami sikatai maana sherehe ni ya usiku na ukumbi una kiyoyozi, ila kanisani atavaa bluu ya kitambaa chepesi, bila kizibao. Jumamosi tunaenda kupima, viatu tayari viko kwenye mfuko, na shemeji mtarajiwa ametupa kipande cha gauni kwenye bahasha. Magoti atapiga hapohapo kwa fundi, nitamsimamia mwenyewe.