Naomba ushauri: kukagua pedi za breki za pikapu nyumbani

Mkaazi wa Likoni:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nina pikapu aina ya Hilux, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ambayo kila alfajiri huchukua viazi na mboga katika soko la Kongowea na kuvuka kwa feri hadi upande wa kusini. Kwa muda sasa gurudumu la mbele la kushoto limekuwa likitoa mlio mwembamba wa chuma kila ninapokanyaga breki polepole, hasa kwenye mteremko wa kuingilia feri. Fundi niliyempelekea alichungulia kupitia matundu ya rimu bila kufungua chochote, akaniambia kwamba pedi bado ni nene na kwamba mlio huo ni wa vumbi tu. Sikuridhika. Ningependa kuzikagua mwenyewe uani, nikiwa na jeki, spana ya magurudumu na tochi, lakini sijui nitazame nini hasa, wala ni kipimo gani kinachoonyesha kwamba pedi imefikia mwisho wake.

Fundi wa Mikindani:

Wa aleikum salaam, ndugu. Kuchungulia kupitia rimu hukuonyesha pedi ya nje peke yake, na kwa magari ya huku pwani hiyo ndiyo pedi inayodanganya. Katika pikapu nyingi za namna yako kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, ina pistoni upande wa ndani tu, nayo huteleza juu ya pini mbili ili iivute pedi ya nje igusane na diski. Hewa ya chumvi ikishapenya kwenye vifuniko vya mpira vya pini hizo, pini hushika kutu na kuganda, kalipa ikaacha kuteleza, na kazi karibu yote ikaiangukia pedi ya ndani. Ndiyo maana unaweza kuiona pedi ya nje ikiwa imebaki zaidi ya nusu, ilhali ya ndani imebaki bati tupu.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, si mchangani, uvute breki ya mkono, utie gia, na ukinge magurudumu ya nyuma kwa magogo. Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Ukishainua, weka stendi ya chuma chini ya chasisi kabla ya kuingiza hata mkono, kwa sababu jeki ni ya kuinulia na si ya kushikilia. Nimewaona watu wakitumia matofali ya matumbawe badala ya stendi. Tofali la namna hiyo hupasuka ghafla na halitoi onyo.

Gurudumu likitoka, zungusha usukani hadi kalipa ikuelekee, kisha umulike pedi zote mbili, ya nje na ya ndani. Pima sehemu inayosugua peke yake, bila kuhesabu bati la nyuma yake. Pedi mpya kwa kawaida huwa na takriban milimita 10 au zaidi. Ikifika 3, tafuta nyingine, na usingoje ishuke chini ya 2. Mlio ulioueleza sidhani ni vumbi. Pedi nyingi zina kijibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kiguse diski na kulia pindi pedi inapokaribia kwisha. Tazama pia diski yenyewe kama ina mifereji mirefu au ukingo uliosimama. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa mara nyingi huchorwa kwenye diski hiyo. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwani baadhi ya pedi, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Msafirishaji wa Changamwe:

Fundi amesema kweli, nami naongeza machache. Mkwaruzo unaosikika asubuhi tu, ukaisha baada ya kukanyaga breki mara chache, huwa ni kutu nyepesi iliyoishika diski usiku kwa unyevu, na hiyo haina neno. Mlio unaoendelea mchana kutwa ndio wa kushughulikia. Tazama vilevile chupa ya mafuta ya breki, kwa kuwa kiwango hushuka kadiri pedi zinavyolika, na anayejaza tu bila kukagua pedi anaificha dalili. Wenye pikapu za kusukumwa na magurudumu manne wajue kwamba kalipa zao mara nyingi zina pistoni pande zote mbili na hazitelezi juu ya pini, hivyo maelezo ya pini hayawahusu.

Mkaazi wa Likoni:

Nawashukuru sana. Nimefungua magurudumu yote mawili ya mbele. Kushoto, pedi ya nje ina milimita 7 na ya ndani 2, na pini ya chini haisogei hata kwa kugongwa. Kulia, zote mbili zina 6. Je, ninunue pedi za kushoto peke yake?

Fundi wa Mikindani:

La. Pedi hubadilishwa magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja unapofunga breki. Lakini anza na pini: itolewe, isuguliwe au inunuliwe nyingine, na ipakwe grisi maalumu ya breki, kwani grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Usipofanya hivyo, pedi mpya ya ndani italika kama hiyo ya zamani. Kalipa ikifunguliwa, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya, na mtu yeyote asikanyage breki wakati huo. Baada ya kurudisha kila kitu, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea. Kazi ya pini, kama hujawahi kuifanya, mpe fundi atakayekubali usimame kando yake ukitazama, na akiwa hapo afungue pia dramu za nyuma, maana viatu vya breki vilivyomo, ambavyo hufanya kazi ya pedi kwa magurudumu ya nyuma, havionekani vizuri kutoka nje.