Nimeuziwa Millennium 2.2 feki kwa bei ya orijino, halafu muuzaji kaniblok

Wakuu, nina hasira hata sijui nianzie wapi. Niko huku Uingereza, nina Amiga 500 yangu, ile kompyuta ya zamani ya Commodore, nimeitengeneza mwenyewe mwaka mzima, na kitu nilichokuwa naitafutia ni kimoja tu, Millennium 2.2, ile gemu ya mwaka 1989 ya Ian Bird. Wiki tatu zilizopita nikaona tangazo, boksi kamili, "orijino, imejaribiwa, inafanya kazi". Pauni 45. Nikalipa siku ileile.

Kwa wasioijua, hii ndo ile ya mwaka 2200, kimondo kinapiga Dunia inaangamia, waliobaki ni watu wachache kwenye kambi ya mwezini na wewe ndo unawaongoza. Unaanza huna umeme wa maana, na kila kitu kinataka umeme, kuchimba madini umeme, kutengeneza chombo umeme, kwa hiyo unawaweka watafiti wakubunie SolaGen, mtambo wa umeme wa jua, halafu unasogeza siku, moja, mbili, kumi, unasubiri. Baadaye unatuma probu, chombo kisicho na mtu, kwenye sayari nyingine kutafuta madini ambayo mwezini hayapo, na hapo hujatulia watu wa Mars wanakuja kukupiga. Mjomba wangu alikuwa nayo 1992, tulikuwa tunakaa chini kwenye kapeti mimi na yeye mpaka mama anakuja kuzima taa. Mjomba hayupo tena na vitu vyake vilishatupwa vyote. Ndo maana nikasema hii nainunua, siyo kudownload, nataka ile yenyewe mkononi.

Siku ya kwanza ikawaka. Nilicheza mpaka saa nane usiku. Siku ya nne naweka flopi, ile diski ya gemu, draivu inalia krr, krr, krr, halafu skrini nyeupe na ule mkono ulioshika diski, yaani mashine inasema haioni kitu. Nikasafisha kichwa cha draivu kwa spiriti. Nikajaribu flopi nyingine sita, zote zinasoma vizuri. Hii hapana.

Ndo nikaichukua nikaiweka kwenye taa. Stika ya juu ni ya kuprinti nyumbani, ukipitisha kidole kilicholowa wino unatoka. Kona ya chini naona kama kuna kitu kinang'aa, nikakwangua kwa kucha, SELOTEPU! Tundu la pili limezibwa!!

Wanaojua Amiga wameshaelewa. Flopi za Amiga za wakati ule ni DD, zile za ujazo mdogo, kilobaiti 880, tundu moja tu lile la kuzuia kuandika. Yenye matundu mawili ni HD, ya ujazo mkubwa, na hakuna aliyekuwa anatoa gemu ya Amiga 500 kwenye HD mwaka 1989. Mtu kachukua flopi ya HD, kaziba tundu, kakopi gemu humo. Na sumaku ya HD inataka nguvu kubwa zaidi ya kuandikia, ukiiandikia kama DD data inashika juu juu tu, leo inasoma, wiki ijayo imeyeyuka. Kwa hiyo huyu jamaa alijua kabisa kwamba itawaka siku ya kujaribu na itakufa nikishampa nyota tano. Nilimpa.

Nikamtumia picha. Jibu la kwanza, "vitu vya zamani havina garantii". Nikamwambia kaka mimi silalamikii uzee, ungeniuzia flopi ya 1989 iliyokufa kwa uzee ningenyamaza, hii umeitengeneza mwenyewe. Akabadilisha tangazo, neno orijino likatoka, halafu akaniblok. Bahati nzuri nilishapiga skrinshoti.

Na msije hapa kuniambia "ni gemu tu, si uicheze kwenye emuleta". Emuleta, ile programu ya kuiga Amiga kwenye kompyuta ya kisasa, ninayo. Mimi nimelipia kitu na nimepewa kingine, na kuna mwingine sasa hivi anakusanya hela yake amlipe mtu huyuhuyu, maana leo asubuhi nimeona kaweka Deuteros, ule mwendelezo wa 1991, picha ni ya mbele tu, nyuma haonyeshi.

Mkinunua flopi za Amiga dai picha ya NYUMA, kona zote, kabla hujatoa hata senti. Akikataa achana naye. Na kama kuna mkuu mwenye Millennium orijino ambaye draivu yake imekufa au hachezi tena, anicheki inbox, nanunua hata bila boksi.