Paka mweusi amehamia kibarazani kwangu: yanayosemwa juu yake yametoka wapi?

Mpangaji wa Tanga

Ndugu zangu, habari za wakati huu, na kwa wakubwa, shikamooni. Nimepanga chumba katika nyumba moja hapa Tanga mjini, nyumba ya wapangaji sita wanaotumia ua mmoja. Tangu mvua za masika zilipoanza, paka mmoja mweusi tii amekuwa akilala kibarazani kwangu. Sikumwita, ila siku ya tatu nilimpa vichwa vya samaki, na tangu hapo haondoki. Panya waliokuwa wakinitobolea mfuko wa unga wametoweka, kwa hiyo mimi kwa upande wangu sina malalamiko.

Malalamiko wanayo majirani. Mama mwenye nyumba anasema paka wa namna hii haji bila kutumwa. Jirani wa chumba cha pili, ambaye biashara yake ya vitenge imedorora, anaamini kwamba huyu ndiye chuma ulete anayemmalizia fedha. Mwingine anasema anamfahamu mama wa paka huyu, kuwa ni paka wa mistari anayeshinda kwa muuza samaki, na kwamba paka wa mistari hawezi kuzaa mweusi pasipo mkono wa mtu. Yupo pia anayeapa kwamba amemwona akibadilika rangi juani na kuwa wa kahawia. Mwezi uliopita vijana walimtia katika kiroba wakaenda kumtupa upande wa pili wa mji. Siku ya nne, alfajiri, nikamkuta kibarazani analamba miguu, na sasa kurudi kwake kumekuwa ushahidi mkubwa kuliko mwingine wote.

Ninauliza mambo mawili. Je, imani hizi ni zetu za asili au tumeletewa? Na je, katika hayo yanayosemwa, lipo lenye ukweli hata kidogo? Ninaomba mnijibu bila kunicheka, kwa sababu nimetakiwa nichague kati ya paka na chumba kabla mwezi huu haujaisha.

Kijana wa Nairobi

Dada, usijisumbue. Imani hizo zote tuliletewa na Wazungu. Papa Gregori wa Tisa alitoa amri paka weusi wauawe Ulaya nzima, paka wakaisha, panya wakazaana, na tauni ikaangamiza watu kwa mamilioni. Waambie majirani zako kwamba wanaogopa kitu ambacho hata walioanzisha walikuja kukijutia.

Msomaji wa historia

Ndugu yangu wa Nairobi, kisa hicho kimesambaa sana mitandaoni, lakini ukikishika vizuri kinavuja. Waraka wa Papa Gregori wa Tisa, unaojulikana kwa jina la Kilatini Vox in Rama, uliandikwa mwaka 1233 kuhusu watu wa Ujerumani waliotuhumiwa kwa uzushi. Ndani yake mna maelezo ya ibada ya siri ambamo paka mweusi anajitokeza na waliohudhuria wanambusu, lakini hamna amri ya kuua paka. Tauni kuu iliingia Ulaya mwaka 1347, yaani zaidi ya miaka 110 baadaye, na hata kama paka wangekuwa wamechinjwa kweli, muda huo uliwatosha kuzaana na kulijaza bara zima upya. Isitoshe, tauni huenezwa na viroboto, na paka mwenyewe huugua tauni na anaweza kumwambukiza mtu. Jambo hili watu wa Tanga wana sababu ya kulielewa kuliko wengi wetu, kwa kuwa wilaya ya Lushoto, iliyo katika mkoa huohuo wa dada yetu, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1980.

Sisemi kwamba Ulaya iliwatendea paka mema. Katika mji wa Ypres, huko Ubelgiji, paka hai walikuwa wakitupwa kutoka juu ya mnara hadi mwaka 1817. Siku hizi hutupwa vikaragosi vya paka katika sherehe, na watoto huvigombania. Huko Chelmsford, Uingereza, mwaka 1566 mwanamke aitwaye Agnes Waterhouse alinyongwa kwa kosa la uchawi, na katika kesi hiyo alitajwa paka aliyeitwa Sathan, ambaye ilidaiwa kwamba alitumwa kuwadhuru watu na mifugo yao. Maelezo ya kesi yanamtaja kuwa paka mweupe mwenye madoa. Mimi nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilirudia mstari mara mbili, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpaka rangi nyeusi akilini mwangu kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Katika Uingereza hiyohiyo, watu wengi leo huhesabu kwamba paka mweusi akikukatiza njia amekuletea bahati njema. Wapenzi wa mpira wanaifahamu klabu ya Sunderland, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2025, ambayo jina lake la utani ni Paka Weusi. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1937, walipoifunga Preston mabao 3 kwa 1, shabiki mmoja mdogo aliingia Wembley akiwa na mtoto wa paka mweusi mfukoni. Marekani mambo ni kinyume. Mwezi Septemba mwaka 1969, paka mweusi alipita mbele ya benchi la timu ya besiboli ya Chicago Cubs ikicheza ugenini New York, na hadi leo wapo wanaomlaumu kwa ubingwa walioukosa, ingawa timu ilikuwa imekwisha kupoteza mechi kadhaa mfululizo kabla yeye hajatokea. Rangi ni ileile, lakini mmoja amepewa sifa za kombe na mwingine amebebeshwa lawama.

Mzee wa Lamu

Mwanangu mpangaji, marahaba. Mimi nimezaliwa Lamu, mji ambao paka wake ni wengi kiasi kwamba wageni huja kuwapiga picha, na weusi wamo. Utotoni mwetu, aliyeogopwa hakuwa paka mweusi bali paka shume, lile dume kubwa lisilo na mwenyewe, linalolala magofuni na kulia usiku mithili ya mtoto mchanga. Bibi yangu akiisikia sauti ile alisoma Ayatul Kursiy na kuvuta shuka, wala hakufungua dirisha aulize rangi. Hofu ya rangi, kwa jinsi ninavyoona mimi, imepata nguvu kwa hizi filamu za uchawi za miaka ya karibuni, ambamo mwanamke mbaya hageuki paka wa mistari hata siku moja.

Hata hivyo, simwungi mkono kijana wa Nairobi anayewatwika Wazungu mzigo wote. Katika Sahihi Muslim imo hadithi isemayo kwamba mbwa mweusi ni shetani, na Ibn Taymiyya, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1328, aliandika kwamba majini hujitokeza mara nyingi kwa sura ya mbwa mweusi na vilevile ya paka mweusi. Maneno hayo juu ya paka ni yake yeye, si ya Mtume, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Yaliyopokewa kutoka kwa Mtume juu ya paka ni mengine kabisa: ni habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, na ni yale aliyoyasimulia Abu Qatada, alipomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaowazungukia watu majumbani mwao. Na ili nisionekane ninawapendelea paka, niseme pia kwamba kile kisa kitamu cha Mtume kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aitwaye Muezza hakimo katika vitabu vikuu vya hadithi.

Kuhusu kukatiwa njia, Waarabu wa kale walikuwa wakimtazama ndege anarukia kulia au kushoto ndipo waamue kusafiri, na ubashiri huo ukaitwa tiyara, neno lenye asili moja na lile la Kiarabu la ndege. Mtume aliukataza. Sasa sikiliza Kiswahili chetu: mtu aliyetoka nyumbani akakutana na jambo la kumtia wasiwasi tunasema amepata ndege mbaya, hata kama alichokutana nacho kina miguu minne na mkia.

Mama mwenye nyumba usibishane naye uani mbele za watu. Nenda kwake jioni, mwamkie, kaa, umsikilize kwanza. Mara nyingi mtu mzima hamwogopi paka kama anavyoogopa kwamba watoto wa siku hizi hawamsikilizi.

Daktari wa mifugo

Dada mpangaji, naomba nianze na mama wa paka huyu, kwa sababu hoja ya jirani yako inasikika kuwa na akili, ila imekosea. Paka wa mistari anaweza kuzaa mweusi. Mtoto wa paka hupokea chembe moja ya urithi wa rangi kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na chembe ya weusi ni ya kujificha: paka akiwa nayo moja hubaki na mistari yake, na mtoto huwa mweusi anapopata mbili, moja kila upande. Kwa hiyo wazazi wote wawili wanaweza kuwa wa mistari na mtoto akatoka mweusi bila mganga kuhusika. Tena paka jike akipandwa na madume mawili katika joto moja, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti, jambo ambalo huwashangaza sana wenye nyumba. Weusi wa namna hii upo hata kwa wanyama wa porini: picha za chui mweusi zilizopigwa Laikipia na kusambaa duniani mwaka 2019 zilikuwa za chui wa kawaida mwenye urithi wa aina hiyo, na katika milima ya Aberdare wapo mondo weusi.

Aliyeapa kwamba paka hubadilika rangi juani hakusema uongo. Jua kali hupausha weusi wa manyoya ukaelekea kahawia, na lishe yenye upungufu wa protini huongeza hali hiyo. Tena ukimtazama kwa makini kwenye mwanga mkali, huenda ukaona mistari hafifu chini ya weusi, kwa kuwa mistari haikufutika bali imefunikwa. Macho kung'aa usiku ni kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, na paka wa kila rangi anao. Kwa mweusi tunashtuka zaidi kwa sababu mwili hatuuoni, tunaona macho matupu yakielea. Kilio kama cha mtoto mchanga ni cha kutafutana wakati wa kupandana. Kurudi baada ya kutupwa nako si ajabu, kwani paka hushikamana na makazi yake na wengi wamerudi kutoka mbali kuliko upande wa pili wa mji.

Ninachowaomba majirani zako wakiogope kweli ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Paka aliyekuwa mpole akaanza ghafla kushambulia ovyo, kutokwa mate na kutembea kwa kuyumba, watu husema amepandwa na kitu, wakamwita mganga, na siku zinapotea. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama wa namna hiyo, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mpeleke paka wako achanjwe, na ukiweza mfunge kizazi, maana dume aliyehasiwa hulia na kuzurura kidogo.

Dereva wa masafa

Mimi ninaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na wasomi mtanisamehe. Paka mweusi akikatiza mbele yangu usiku, ninasimama. Ninasubiri gari lingine lipite kwanza, ndipo ninaondoka. Utingo wangu aliniuliza siku moja kama ninaona haki kumtupia mkosi dereva mwenzangu asiyejua lolote, nami sikuwa na jibu. Nimejichunguza pia nikagundua kwamba nikisimama nikafika salama, ninasema kusimama kumeniokoa, na nikisimama kisha nikapata pancha Mikumi, ninasema nisingesimama yangekuwa makubwa zaidi. Nimeliona hilo, na bado ninasimama. Ila daktari amesema jambo moja lenye kunifaa: mwili wake hauonekani gizani. Kumkwepa ghafla kitu kilichozuka barabarani kumewalaza wenzetu wengi kwenye mitaro, na huenda mkosi wenyewe ndio huo.

Mpangaji wa Tanga

Ninawashukuru nyote. Mzee wangu wa Lamu, nilifanya kama ulivyonielekeza. Nilikwenda jioni, na mama mwenye nyumba alizungumza karibu saa nzima kuhusu nyumba yake ya kwanza, marehemu mumewe na wapangaji waliomkimbia na kodi, kabla hatujamfikia paka. Habari ya kichaa cha mbwa ilimgusa kuliko hadithi zote, kwa kuwa ana wajukuu wanaocheza uani. Wa vitenge sikumshawishi. Duka la jumla lililofunguliwa mtaa wa pili linauza vitenge hivyohivyo kwa bei nafuu, lakini yeye bado anamtazama paka.

Tumekubaliana hivi: nimchanje, nimhasi, asiingie jikoni kwa mtu, na avae kengele shingoni ili watu wamsikie anapokuja, wasishtuke usiku. Chanjo tayari amepata. Kengele nimeinunua jana na nimemvika leo asubuhi, na sasa ninaanza kuingiwa na wasiwasi mwingine, kwamba panya nao wataisikia.