Mkulima wa mwani si mwajiriwa: kanuni za wasambazaji zimlinde vipi?

ghala_kusini:
Assalaam alaykum. Mnunuzi wa Ujerumani anataka tusaini kanuni zake za wasambazaji: mshahara, saa za kazi, umri wa mfanyakazi, uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa watu 14 wa ghalani hakuna tabu, wana mikataba na michango yao ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar) inalipwa. Lakini mwani wenyewe (aina ya spinosum) tunaupata kwa akina mama wapatao 200 wa Paje na Jambiani, kupitia mawakala watatu. Hawa hawana mwajiri. Mkaguzi anakuja baada ya miezi miwili. Tuandike nini juu yao, na tuthibitishe kwa kitu gani?

mizani_sawa:
Waalaykum salaam. Msiwaandike kama waajiriwa, mtadaiwa karatasi za mshahara ambazo hazipo. Haki ya mkulima wa mwani hupotea kwenye mizani, kwenye kukatwa kilo na kwenye deni la kamba za kupandia mwani. Kanuni zenu zianzie hapo.

Mizani: kila siku ya kununua ipimwe kwanza kwa jiwe la kilo 20, mbele ya wakulima wawili, na matokeo yaandikwe daftarini. Mizani ya kuning'inia hulegea springi kwa chumvi, kwa hiyo cheti cha mwaka jana hakitoshi.

Kukata: wakala akitoa kilo 2 kwa kila gunia la kilo 50 "kwa ajili ya maji na mchanga", hiyo ni asilimia 4 ya jasho la mtu. Wekeni kiwango cha unyevu kwa maandishi, mpime, na anayeleta mwani mkavu asikatwe chochote. Stakabadhi iwe nakala mbili, yenye kilo kabla ya kukata, kilo zilizokatwa na sababu, bei, na deni lililobaki.

Deni ndilo zito zaidi. Mkulima aliyepewa kamba na taitai (vikamba vya kufungia mbegu) kwa mkopo, kisha akakatazwa kuuza kwingine hadi alipe, huku hajui salio lake, yuko karibu na kazi ya kulazimishwa inayokatazwa na Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) Na. 29. Andikeni bei ya kila kamba siku ya kuikabidhi, wekeni kikomo cha makato kwa kila mauzo (robo, kwa mfano), na aruhusiwe kulipa taslimu na kuondoka.

bamvua:
Naongeza la watoto, maana hapa ukaguzi mwingi hukosea siku. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka sana, pwani yetu maji hutoka mnamo saa nne asubuhi, yaani saa za darasani. Mkaguzi akija siku za maji mafu, maji yasipotoka sana, atakuta pwani tupu na ataandika kuwa hakuna mtoto anayefanya kazi. Mleteni siku ya bamvua. Kabla ya hapo ombeni skuli idadi tu ya mahudhurio, bila majina, mlinganishe siku za bamvua na za maji mafu. Pengo likionekana, kuna kazi ya kufanya.

Tofautisheni pia. Mtoto anayemsaidia mamake kufunga mbegu kivulini baada ya skuli si sawa na anayebeba gunia bichi kutoka majini. Kazi hiyo ya pili asifanye yeyote aliye chini ya miaka 18, Mkataba wa ILO Na. 182, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza kazi za hatari kwa umri huo. Na tafadhali msimfukuze mama kwenye orodha kwa kosa hilo, mtoto atahamia kwenye kazi iliyofichika zaidi.

mizani_sawa:
Kweli kabisa. Na malalamiko yasipitie kwa wakala, kwani mara nyingi ndiye anayelalamikiwa. Toeni namba ya simu inayopokelewa na mtu wa ghalani, kisha fuatilieni jambo moja: aliyelalamika, mwani wake ulinunuliwa bamvua lililofuata?

hesabu_ya_kamba:
Na mnunuzi naye abanwe. Sheria ya Ujerumani ya minyororo ya ugavi, iliyoanza kazi 1 Januari 2023, inaweka wajibu juu yake mwenyewe, ikiwa ni kampuni kubwa inayofikiwa na sheria hiyo. Haumaliziki kwa kuwasainisha nyinyi karatasi. Mpelekeeni hesabu. Tuseme kamba 200, kila moja kilo 5 mbichi baada ya kutoa mbegu: kilo 1,000. Mbichi 8 zikitoa kavu 1, ni kilo 125 kwa wiki sita. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo ni 125,000. Gawanya kwa siku 21 za majini na za kuanika: hata 6,000 kwa siku haifiki, na deni la kamba bado halijakatwa.

Hesabu hiyo ijazwe kwa bei yenu halisi, halafu muombe bei isiyoshuka kwa msimu mzima, malipo ndani ya siku 30, na gharama za ukaguzi zibebwe na aliyeutaka.

ghala_kusini:
Ahsanteni sana. Jiwe la kilo 20 linanunuliwa wiki hii. Swali moja: kamba walizokabidhiwa zamani bila maandishi, deni lake tulihesabu vipi?

mizani_sawa:
Kama hakuna karatasi yenye saini au dole gumba la mkulima, lifuteni. Muanze upya na kamba mpya.