Mjadala: Seneta Byrd kuvuta hela kwao West Virginia, kosa lake liko wapi?

Wakuu, kila akitajwa Robert Byrd, yule seneta wa West Virginia aliyeingia seneti 1959 na kutoka kwa kifo 2010, lazima atokee mtu aseme huyo alikuwa mchota hela za walipa kodi wa nchi nzima anapeleka kwao. Mimi nakataa.

West Virginia ni jimbo dogo, watu hawafiki milioni 2, milima na makaa ya mawe. Makaa yale yameendesha viwanda vya chuma na umeme wa Marekani miaka na miaka, faida inaenda kwa matajiri wa mbali huko, mchimbaji anabaki na kifua kibovu na kinyumba cha kampuni ambacho akifukuzwa kazi anatolewa na watoto wake. Byrd kalelewa humohumo, mjomba aliyemlea alikuwa mchimbaji. Sasa mtu kama huyo 1989 anapewa uenyekiti wa kamati ya seneti inayogawa fedha za serikali kuu, mlitaka afanyeje? Alisema wazi anataka yeye ndo awe kiwanda cha dola bilioni moja cha jimbo lake, na akafanya kweli, barabara zikapasua milima, kitengo cha alama za vidole cha FBI, lile shirika la upelelezi la serikali kuu, kikahamishwa kutoka Washington kikajengwa Clarksburg, mji mdogo tu, vijana wakapata ajira ya serikali ya kukaa mezani badala ya kushuka shimoni. Hela ilikuwa inarudi ilikotoka.

Mtasema mbona jimbo bado liko kwenye kundi la maskini. Ndio, bado, ila barabara haiwezi kurudisha kilichochimbwa karne nzima.

Kwenye ubaguzi simtetei hata kidogo. Ujanani aliingia Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi lililokuwa likiwatesa weusi, na akawaandikisha wenzake, halafu 1964, seneta mtu mzima kabisa, akasimama anaongea saa 14 na dakika zake ili kura isipigwe, kuzuia sheria ya haki za raia iliyokataza ubaguzi wa rangi. Ikapita hivyohivyo. Baadaye aliomba msamaha sana, 2008 akamuunga mkono Obama, sawa, lakini barabara haimlipi Mmarekani mweusi aliyekuwa anaisubiri ile sheria. Hizo ni hesabu mbili, msifute moja kwa nyingine.

Nawataka wale wa "seneta ni wa taifa zima": kama ndo hivyo, kwa nini kila jimbo linachagua wawili wake, California kubwa na West Virginia ndogo sawasawa? Anayepinga aanzie hapo.