KH inapanda, kalsiamu inashuka: tangi la matumbawe, Kigoma

Mwanga_Kusini
Wadau, salaam. Nina tangi la matumbawe, maji jumla lita 200 pamoja na tangi la chini. Maji ya mwanzo yalichanganywa na chumvi ya matumbawe kwenye maji ya madumu yaliyosafishwa. Yanayopotea kwa kukauka ni lita 3 kwa siku. Hizo nazijazia kwa maji ya bomba, ambayo huku yanatoka Ziwa Tanganyika, baada ya kuyatoa klorini. Dawa siweki.

Wiki sita zilizopita: KH (kipimo cha ualkali wa maji) 8.0, kalsiamu 425 na magnesiamu 1300 (miligramu kwa lita). Leo: KH 11.9, kalsiamu 380, magnesiamu 1320, pH 8.4, nitreti 0, fosfeti 0, uzito wa maji 1.026, joto 26. Ncha za akropora (matumbawe yenye mfupa mgumu) zimekuwa nyeupe na nyama inachubuka. Hita na pampu zimeshika ukoko mweupe. Matumbawe laini hayana neno. KH inatoka wapi ilhali siongezi kitu? Nimeshauriwa niweke maji ya chokaa ili kalsiamu ipande. Ni sawa?

Kibirizi_Chumvi
Mkuu, unaongeza kila siku, kwa ndoo. Maji ya Ziwa Tanganyika yana KH inayokaribia 18 na pH ya 8.6 hadi 9, lakini kalsiamu yake ni kama miligramu 10 tu kwa lita. Ualkali wake umebebwa zaidi na sodiamu na magnesiamu. Maji yakikauka tangini yanaondoka peke yake, yaliyoyeyuka ndani yake yanabaki.

Tupige hesabu. Lita 3 zenye KH 18 ndani ya lita 200 ni nyongeza ya 0.27 kwa siku. Kwa siku 42 ni 11.3. Kipimo chako kimepanda 3.9, kwa hiyo 7.4 imeliwa na mifupa ya matumbawe na huo ukoko wa kwenye hita. Kila KH 1 inayoliwa hivyo huondoka na kalsiamu kama miligramu 7 kwa lita, basi kalsiamu iliyoliwa ni kama 53. Ziwa limekurudishia 6 tu. 425 toa 53, ongeza 6: unapata 378. Wewe umepima 380. Vipimo vyako ni vizuri sana, na chanzo ni hicho kimoja.

Chokaa usiweke. Maji ya chokaa huongeza kalsiamu na ualkali kwa uwiano uleule ambao matumbawe hula. Yanafaa tangi ambalo vyote viwili vinashuka pamoja. Kwako KH itazidi kupaa, na kwa kuwa maji hayo yana pH ya zaidi ya 12, ukoko utaongezeka. Chokaa ya kujengea ndiyo isiguse kabisa, ina uchafu usioujua.

Gungu_Tangi
Naunga mkono, ila niongeze kuhusu ncha kuungua. KH 11.9 peke yake haiui. Kinachoumiza ni KH ya juu huku nitreti na fosfeti ziko sifuri: mfupa unasukumwa ukue haraka na nyama haina chakula cha kuufuata. Ndiyo maana akropora inaumia na matumbawe laini, yasiyojenga mfupa mgumu, yametulia. Lisha samaki zaidi, punguza saa za skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), hadi nitreti ifike 2 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1. Hili lianze leo, halingoji KH ishuke.

KH usiishushe kwa tindikali wala siki. Ikidondoka ghafla utapoteza hata matawi yaliyo mazima. Acha maji ya ziwa, na matumbawe yenyewe yataishusha: yanakula kama 0.18 kwa siku (7.4 kwa siku 42), hivyo kutoka 11.9 hadi 8.5 ni siku 19 hivi.

Katika siku hizo kalsiamu nayo ingeendelea kushuka, kwa hiyo weka kalsiamu kloridi yenye maji mawili (dihaidreti). Gramu 1 kwenye lita 200 hupandisha miligramu 1.4 kwa lita. Weka gramu 2.5 kila siku, ziyeyushe kwenye nusu lita ya maji safi, zimimine taratibu mbele ya pampu. Ukitoa inayoliwa, baada ya siku 19 utakuwa kwenye 420. Usizimwage gramu zote za siku 19 (kama 48) siku moja: KH ikiwa juu hivi, kalsiamu ya ghafla itageuka unga mweupe na utabaki ulipokuwa. Magnesiamu iache, 1320 inatosha.

Hita itoe nje, iloweke saa moja kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, uisuuze. Ukoko ukibaki hapo, mwingine unaushikia.

Mwanga_Kusini
Asanteni, nimeelewa. Sasa maji ya kujazia niyapate wapi? Nikinunua chujio la osmosi (linalosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi), simtanki yangu ipo juu mita 3. Na maji ya mvua je?

Kibirizi_Chumvi
Mita 3 hazitoshi. Kila mita 10 ni bar 1, kwa hiyo una 0.3, na utando wa osmosi unataka bar 3 hadi 4. Nunua chujio lenye pampu yake ya kusukuma, na mwishoni liwe na chupa ya resini, chembe zinazonasa chumvi iliyobaki. Weka kaboni mbele, klorini hula utando. Kipima TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini) kwenye maji ya bomba kitasoma zaidi ya 300. Yanayotoka baada ya resini yasome 0. Yakianza kusoma 2 au 3, badili resini.

Mvua ya kutoka kwenye bati hapana, zinki ya bati ni sumu kwa matumbawe. Kinga kwa turubai safi la plastiki lililo wazi kwa anga, mvua ya robo saa ya kwanza imwage. Kwa dharura kuna maji ya betri ya gereji, yale yaliyokenekwa. Uhakikishe si tindikali, maana wengine huita vyote viwili kwa jina hilo. Pima TDS kabla ya kumimina.

Isevya_Tbr
Huku Tabora tunapata maji ya Ziwa Victoria. Shida ni ileile?

Gungu_Tangi
Hapana ndugu, hayo ni laini, KH kama 3. Lita 3 kwa siku zingeongeza 0.04 tu. Shida yenu ni klorini na virutubisho: mtaona mwani kabla hamjaona KH ikisogea. Chujio ni lilelile.

Mwanga_Kusini, kabla hujaanza dozi, hakiki kipimo chako cha KH: gramu 1.2 za magadi ya kuokea, yaani sodiamu bikaboneti tupu, kwenye lita 5 za maji ya TDS 0. Kinatakiwa kisome 8. Kisha pima tangi kila siku ya pili, saa ileile. KH ikishuka zaidi ya 0.5 kwa siku, rudi hapa na namba.