Mwanga na sauti vyote ni mawimbi, sasa mbona sauti inachelewa? Na spidi ya mwanga waliipimaje?

mkwezi_wa_minazi:
Wakuu habari za muda huu. Naomba walimu wa fizikia na mafundi mnisaidie hapa. Dogo yuko kidato cha tatu, jana kaniletea daftari eti bro mwanga ni wimbi na sauti ni wimbi, fomula ni moja tu, spidi ni frikwensi mara urefu wa wimbi. Nikamkatalia. Huku ninapokaa ng'ambo ya bonde kuna jamaa wanaponda kokoto, unamwona mtu nyundo ishagonga jiwe, anainyanyua tena, ndio "ko!" inakufikia. Kama ni ndugu mbona mmoja anakuja kwa bodaboda mwingine kwa miguu? Pili, sauti naelewa unaweza kuipima hata kwa saa ya simu, ila huo mwanga wa kilomita laki tatu kwa sekunde nani alisimama na saa akaupima? La tatu ndio linaniuma hasa, mpira ukiwa unachezwa jirani mwenye redio anashangilia goli wakati mimi kwenye king'amuzi mpira bado uko katikati ya uwanja. Redio si sauti? Inanipitaje mimi mwenye picha?

fundi_maspika:
Mkuu dogo yuko sahihi, usimvunje moyo. Fomula ni moja kweli ila vinavyotikisika ni vitu tofauti kabisa. Sauti ni hewa inasukumana, chembe inamgonga wa mbele yake halafu inarudi, kwa hiyo mwendo wake unategemea inapita kwenye nini. Kwenye hewa ya nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde, kila joto likipanda nyuzi moja inaongezeka kama mita 0.6, kwenye maji ya kawaida inafika karibu mita 1,480 na kwenye chuma inavuka 5,000. Ukitoa hewa yote haipiti. Mwanga ni umeme na sumaku vinayumba pamoja, hauhitaji wa kuubeba, ndio maana jua linatufikia na huko katikati hakuna hewa. Na kinachonifurahishaga mimi, sauti ikiingia majini inaongeza mwendo lakini mwanga ukiingia majini unapungua, unashuka mpaka kama kilomita 225,000 kwa sekunde.

Hao wa kokoto kama wako mita 340 toka kwako, mlio unachelewa sekunde nzima, picha inachelewa kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, yaani sawa na bure.

Ila sisi wa spika tunachokiangalia zaidi ni ukubwa wa wimbi. Besi ya hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) ina urefu wa karibu mita 7, inazunguka kona na kupanda ukuta inavyotaka, ndio maana kigodoro kikipigwa mtaa wa tatu wewe unapata dundu dundu tu maneno huyasikii. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikipiga hezi 10,000 wimbi lake ni sentimita 3 na ushee, ikigeuziwa upande mwingine ushaikosa. Sasa mwanga wa kijani wimbi lake ni kama nusu ya sehemu ya elfu ya milimita, mlango kwake ni pori, hauna sababu ya kupinda. Ndio maana mtu akiwa chumba cha pili unamsikia ila humwoni.

ticha_wa_maabara:
Hapo kwenye nani alipima ndio penye utamu. Galileo aliandika wazo la watu wawili wenye taa usiku, mmoja anafunua na mwenzake akiona naye anafunua, ila kwa umbali wa vilima mwanga ushafika na kurudi kabla mkono wa mtu haujashtuka. Wa kwanza kuonyesha kwamba mwanga unatumia muda ni mtaalamu wa nyota Rømer mwaka 1676 akiwa Paris, alikuwa anafuatilia mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupita) uitwao Io, akaona dunia ikiwa mbali na Mshtarii kupatwa kwake kunachelewa na dunia ikikaribia kunawahi. Umbali ulikuwa mkubwa wa kutosha, basi saa za zama zile zikafaa.

Hapahapa duniani aliyefanikiwa ni mwanafizikia Mfaransa Fizeau mwaka 1849. Huyu mzee alikuwa na akili sana. Alichukua gurudumu la meno 720, akapitisha mwanga kwenye nafasi ya jino na jino, ukaenda mpaka kwenye kioo kilichokuwa mita 8,633 kutoka pale, ukarudi. Gurudumu likizunguka taratibu mwanga unarudi na kupita palepale ulipotokea. Ukiongeza mwendo, kufika mara 12.6 kwa sekunde, mwanga ukirudi unakuta jino limeshaziba nafasi na giza linaingia. Piga hesabu: 12.6 mara 720 mara 2 unapata nafasi na meno yanayopita kwa sekunde, zidisha na mita 17,266 za kwenda na kurudi, inakuja kama kilomita 313,000 kwa sekunde. Imezidi kwa asilimia nne na kitu, ila kwa gurudumu la meno jamani! Foucault mwaka 1862 akatumia kioo kinachozunguka akapata 298,000. Leo hatuipimi tena, tangu 1983 imewekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde kamili na mita yenyewe ndio inapatikana kutokana na hiyo.

Sauti nayo kwa miaka mingi imepimwa kwa kutegemea mwanga. Mwaka 1826 Colladon na Sturm walikuwa kwenye ziwa la Geneva, mashua moja inagonga kengele chini ya maji na hapohapo inawasha baruti, wa mashua ya pili akiona mwako anaanza saa, kengele ikifika anasimamisha. Wakapata mita 1,435 kwa sekunde, maji yalikuwa ya baridi. Wewe na kokoto zako unafanya hichohicho.

mzee_wa_mawimbi_mafupi:
Mimi napingana kidogo, redio inabeba sauti angani, ndio maana inawahi.

fundi_maspika:
Hapana mzee wangu. Ingekuwa sauti yenyewe basi kutoka Dodoma mpaka Dar ungeisubiri karibu dakika ishirini. Kinachosafiri ni wimbi la redio ambalo ni ukoo wa mwanga, spidi ileile. FM ya megahezi 100 wimbi lake ni mita 3, sauti inatengenezwa upya kwenye spika yako. Na king'amuzi pia kinapokea ukoo huohuo, setilaiti iko kama kilomita 36,000 juu, kupanda na kushuka ni robo sekunde. Zile sekunde nyingi unazolia nazo zinaliwa na mashine za kubana picha na kuifungua. Mwanga hauna kosa hapo.

mkwezi_wa_minazi:
Daah jirani ana bahati. Sasa ticha, dogo anaweza kupima mwenyewe nyumbani?

ticha_wa_maabara:
Anaweza. Sauti: pakua app ya phyphox kwenye simu mbili, kuna stopuwochi inayosikiliza mlio. Ziweke mbali mita 5, mmoja apige kofi karibu na simu yake, saa zote zinaanza, halafu wa upande wa pili apige lake, zote zinasimama. Toa muda mdogo kwenye mkubwa, chukua mita 10 ugawe kwa tofauti hiyo. Ikija karibu na 0.029 ya sekunde mko vizuri.

Mwanga ni kinyume chake. Sauti tunahesabu mitetemo kwa maiki halafu urefu wa wimbi unaukokotoa, ila mwanga unatetema mara milioni milioni mia nne na kuendelea kwa sekunde, hakuna sensa ya dukani ya kuhesabu hiyo, kwa hiyo unapima urefu kwanza. Chukua CD, mistari yake imeachana maikromita 1.6, ipige kwa leza nyekundu iliyonyooka, usiiangalie kwa macho tafadhali. CD ikiwa mita moja toka ukutani, doa la pembeni litatokea kama sentimita 44 kutoka katikati. Pembe hiyo ni kama nyuzi 24, zidisha saini yake (sine ya hesabu) na 1.6 unapata 0.65 ya maikromita.

bibi_tochi:
Kwa hiyo tochi za trafiki nazo ni hesabu hizihizi?

ticha_wa_maabara:
Zile za leza ndio. Inatuma vipande vya mwanga mfululizo, inapima kila kimoja kimerudi baada ya muda gani, umbali ukipungua haraka umekwisha.

mkwezi_wa_minazi:
Hiyo app inakula bando?

ticha_wa_maabara:
Kuishusha tu. Ni ya bure na haina matangazo, ukishaishusha inafanya kazi hata bila mtandao. Mwambie aandike na joto la siku hiyo, asipime upepo ukiwa mkali.